Vinili bafuni: ubao unataka tambarare, maji yanataka mteremko

Mhariri,

Mbao za vinili, yaani mbao za plastiki za kutandika sakafuni, zinapendwa sasa hapa Malindi, na si ajabu. Zinafanana na mbao za kweli, hazivimbi zikilowa, na fundi huzitandaza chumba kizima kwa siku moja. Sebuleni sina neno. Lakini watu wanazipeleka bafuni kwa kutegemea maandishi ya kwenye kisanduku kwamba hazipitishi maji, na kwa hilo naomba nafasi gazetini mwako.

Kisanduku hakisemi uongo. Ubao wenyewe, hasa ule wenye herufi SPC, ni unga wa mawe ya chokaa uliochanganywa na plastiki. Utumbukize ndooni wiki nzima, utautoa ulivyo. Kinachopitisha maji ni viungo. Kila ubao una ulimi na mfereji, vinabanana bila gundi, na maji yaliyotuama juu yake hupenya polepole. Yakishafika chini hayana pa kutokea. Simiti inabaki mbichi, ukungu unaota, na mwenye nyumba hajui lolote mpaka asikie harufu.

Sasa tazama bafu zetu. Wengi tunaoga kwa ndoo na kata, maji yanamwagika sakafuni yakafuata mteremko hadi kwenye tundu. Mteremko huo ni sentimita 1 mpaka 2 kwa kila mita, tena unatoka pande zote kuelekea tundu moja, mfano wa sinia. Ubao mgumu wa vinili haupindi kufuata sinia. Unataka sakafu tambarare: laza rula ya mita 2, uwazi chini yake usizidi milimita 3. Ukizidi, ubao hubonyea kila ukikanyagwa, na ulimi wake hukatika. Basi fundi anamwaga simiti kusawazisha, mteremko unazikwa, na maji ya kuoga yanakimbilia mlangoni. Sijui kosa kubwa kuliko hili katika kazi hii, na silikoni ya kuzibia mianya haiwezi kulitibu.

Kwa hiyo ligawe bafu. Sehemu ya kuogea ibaki ya vigae au simiti, na mteremko wake na tundu lake, ijengewe kizingiti cha kimo cha sentimita 10. Vinili iwekwe upande wa pili, penye choo cha kukalia na sinki ya kunawia. Anayetia udhu na kuosha miguu naye afanyie upande wa kuogea. Penye choo cha kuchutama, ambapo maji ya kopo humwagika mara kadhaa kwa siku, vinili isiwekwe kabisa. Na bafu likiwa dogo hata unaoga umesimama kando ya choo, weka vigae vyenye uso wa kukwaruza kote, usitafute mengine.

Kwa ndugu zetu wa Lamu nina neno zito zaidi. Nyumba za mawe za Mji wa Kale, ulio katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, zina boriti za mikoko zilizobeba mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hupumua: hulowa, kisha hukauka kupitia uso wake. Ukiifunika kwa plastiki, unyevu hubaki ndani na kushukia boriti, zikaoza kimyakimya. Bafu la ghorofani katika nyumba kama hizo lisitiwe vinili hata kama ni kavu machoni. Palipobomoka, tengeneza chokaa kwa chokaa.

Kwa aliye na mahali panapofaa, kipimo cha kwanza ni unyevu wa ardhi. Nyumba nyingi za chini zilimwagiwa sakafu bila nailoni chini yake, na maji ya pwani hupanda na chumvi. Kata nailoni angavu ya futi 2 kwa 2, ibandike sakafuni kwa utepe pande zote, uiache siku 3. Ukiona matone, au simiti imegeuka nyeusi, acha. Unga mweupe juu ya simiti nao ni chumvi iliyopanda, na chumvi hiyo hung'oa gundi yoyote. Sakafu mpya isubiri siku 28 kwa uchache, kisha ipimwe vivyo hivyo. Vigae vya zamani vinaweza kubaki chini ya vinili, ila vigonge kimoja kimoja: kinacholia utupu king'olewe, na pengo lizibwe.

Dukani chagua ubao wa milimita 5 au zaidi, wenye tabaka la juu la milimita 0.5, mchanga wetu wa pwani hukwaruza lile la 0.3 upesi. Kama ubao una tabaka la sponji lililobandikwa chini yake, usitandaze sponji nyingine, kwani viungo vitabonyea na kuvunjika. Sehemu kavu ya futi 5 kwa 5 ni mita 2.3 za mraba. Ongeza asilimia 10 ya vipande vitakavyopotea, upate kama 2.6, ndipo usome kisanduku kina mita ngapi. Silikoni ya bafuni isiyoota ukungu, mirija 2 ya mililita 300.

Visanduku vilazwe ndani ya nyumba saa 48 kabla ya kazi. Acha nafasi ya milimita 8 kuzunguka kuta zote, kwa kuwa vinili hutanuka na joto, na isipopata pa kwenda huinuka katikati. Nafasi hiyo mafundi huipuuza kuliko kitu chochote. Miisho ya mbao za safu mbili jirani ipishane sentimita 30. Kukata ni rahisi: pitisha kisu mara tatu au nne juu, kisha vunja. Choo kisifungwe kwa skrubu juu ya mbao hizi, maana sakafu itabanwa; kata ubao kukizunguka, uache milimita 8 na kujaza silikoni. Jaza vivyo hivyo kando ya kuta na kizingiti, usikanyage kwa saa 24. Fremu ya mlango ikatwe chini ubao upite, usiuchonge kuizunguka. Zulia dogo lenye mpira chini lisiwekwe juu yake, huacha doa la njano lisilotoka.

Waliokwisha kuziweka bafu zima wanuse pembeni ya mlango asubuhi, kabla hakujaogwa. Wakisikia harufu ya tope, waondoe silikoni ukutani na kuinua mbao kuanzia safu ya mwisho, wakiandika namba kwa penseli nyuma ya kila moja. Zisipokuwa na ulimi uliokatika, zinarudi. Sakafu ikauke madirisha yakiwa wazi, ipimwe tena kwa nailoni, na mbao zirudishwe upande mkavu tu.

Fundi wa sakafu,
Malindi