Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vijana na Sera ya Uchumi wa Mzunguko

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tulikuwa na kazi moja kubwa: kuhakikisha vijana wanaingia kwenye sera ya jiji ya uchumi wa mzunguko, yaani uchumi ambao vitu hutumika tena na tena badala ya kutupwa, ikiwa bado inaandikwa, si siku ya kuizindua. Shughuli nyingine zimo katika taarifa ya katibu, sitazirudia.

Tulianza vibaya. Tulipoitwa mara ya kwanza, rasimu ilikuwa imeshakamilika, na tukapewa dakika chache za maoni kikao kikielekea kufungwa. Niliumia siku ile, na najua hata ninyi mliumia. Tuliichukua rasimu hiyo hivyo hivyo, tukaisoma kipengele kwa kipengele. Karibu yote ilihusu urejelezaji: mapipa ya rangi, vituo vya kukusanyia, mashine za kusaga plastiki. Ukarabati ulipata sentensi moja. Hapo ndipo tulipoipata hoja yetu. Kurejeleza huja mwishoni. Kabla yake kuna kupunguza, kutumia tena na kutengeneza. Simu ikitengenezwa ikaendelea kutumika, huokoa madini na nishati nyingi kuliko ikisagwa ili yatafutwe madini machache yaliyomo.

Kikao cha pili tulikwenda na fundi. Mwenzetu anayetengeneza simu aliweka mbili mezani mbele ya kamati. Ya zamani aliifungua kwa ukucha, akatoa betri, akairudisha. Ya pili ilibidi aipulizie hewa ya moto gundi ilegee, apenyeze kadi nyembamba pembeni taratibu asije akapasua kioo, kisha aibandue betri iliyogandishwa ndani. Hakusema neno muda wote huo. Wajumbe waliinuka viti vyao wakamzunguka. Alipomaliza alisema jambo moja tu: simu hii ni nzima, kilichokufa ni betri. Ndipo nikawapa takwimu: mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika hata robo.

Mjumbe mmoja aliuliza swali la msingi: jiji lina ubavu gani juu ya kiwanda kilicho nchi nyingine? Tulimjibu kwamba lina zabuni. Jiji hununua kompyuta, taa, viti na mashine kila mwaka. Likidai kifaa kifunguke kwa bisibisi ya kawaida, vipuri vipatikane kwa miaka kadhaa, na maelekezo ya ukarabati yatolewe, muuzaji atasikia. Na si ndoto. Mwaka 2021 Ufaransa ilianza kutaka simu na kompyuta mpakato ziuzwe zikiwa na alama inayoonyesha urahisi wa kuzitengeneza. Amsterdam ilipitisha mkakati mwaka 2020 unaolenga kupunguza nusu ya matumizi ya malighafi mpya ifikapo 2030, na ununuzi wa jiji lenyewe ni sehemu ya mkakati huo.

Kipengele cha ununuzi kimeingia kwenye sera karibu kama tulivyokiandika. Hongereni sana. Utenganishaji wa taka majumbani nao umepita bila ubishi mwingi, kwani kila mtu alielewa kuwa karatasi iliyolowa mabaki ya chakula haina mnunuzi.

Tulikoshindwa ni kwa waokota taka. Tulitaka sera iwataje waziwazi na iwape nafasi katika mikataba ya ukusanyaji, kwa kuwa wao ndio wanaorudisha chupa na vyuma kwenye mzunguko tangu kabla sera yoyote haijaandikwa. Wameishia kuitwa "wadau wengine". Lawama ya hili naibeba mimi. Fundi tulimleta akajieleza kwa mikono yake. Hawa tuliwasemea, na kusemewa ndiko tulikokuwa tunakulalamikia sisi wenyewe.

Hesabu za fedha mnazo mikononi, na mhazini yupo kujibu maswali.

Mwaka ujao zinaandikwa sheria ndogo, na bajeti itaonyesha kipengele kipi kitatekelezwa na kipi kitabaki kwenye karatasi. Kamati ya ufuatiliaji imetutengea viti viwili. Napendekeza kimoja tukiombee kijana anayefanya kazi dampo, hata kama si mwanachama wetu, na jambo hili liamuliwe kwa kura leo kabla hatujatawanyika.