Wanafunzi wa uuguzi waletwe zahanati wangali chuoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na Wizara ya Afya, vyuo vya uuguzi na halmashauri zetu.

Mimi ni mkunga mstaafu, naishi Liwale mkoani Lindi. Sehemu kubwa ya utumishi wangu imepita katika zahanati za vijijini, na wauguzi wapya nimewapokea wengi. Ni vijana wenye akili na moyo wa kazi. Tatizo ni kwamba mazoezi ya vitendo waliyafanyia hospitali kubwa, kundi zima limezunguka kitanda cha mzazi mmoja na daktari yupo chumba cha pili. Huku kijijini muuguzi mpya anajikuta peke yake saa nane usiku, mama yupo leba, gari la wagonjwa lipo mjini na masika imekata barabara. Wapo walioomba uhamisho mapema sana, na siwalaumu.

Chukua jambo moja tu. Mtoto akishatoka, ukahakikisha hakuna pacha, mama anachomwa oksitosini ndani ya dakika moja ili asitokwe damu nyingi. Hilo kila mwanafunzi amelijibu kwenye mtihani. Lakini dawa hiyo inataka ubaridi. Kijijini ni mkunga mwenyewe anayesoma kipimajoto cha jokofu asubuhi na jioni, na anayetakiwa kushtuka sola inapozidiwa kabla dawa haijaharibika. Kisha aweke mkono tumboni aupapase mfuko wa uzazi, ajue kama umekaza au bado umelegea. Mkono haujifunzi hilo kwa kusoma. Unajifunza ukiwa chini ya mkono wa mkunga mzoefu, mzazi kwa mzazi.

Kwa hiyo naomba kila mwanafunzi wa cheti na diploma akae zahanati ya kijiji miezi kadhaa mfululizo kabla hajahitimu, apate chumba cha kulala na msimamizi anayejulikana kwa jina. Kufundishia mbali na miji mikubwa kunawezekana. Vyuo vya uuguzi vya Ndanda, Mtwara, na Haydom, Manyara, vinafanya hivyo.

Na wanafunzi wenyewe watoke huku. Shirika la Afya Duniani lilishauri hivyo tangu 2010: mwenye asili ya kijijini ana uwezekano mkubwa zaidi wa kubaki kijijini. Yupo binti wa Barikiwa au Kibutuka aliyefaulu Baiolojia na Kemia kidato cha nne, sasa anapalilia mikorosho kwa kukosa ada. Halmashauri inayokusanya ushuru wa korosho na ufuta imlipie, kwa makubaliano kwamba akimaliza atatumikia wilaya yake.

Kuhusu wasimamizi, wakunga wastaafu tupo, na wengi bado tuna nguvu. Mimi niko tayari kupokea wanafunzi muhula ujao.

Mkunga mstaafu,
Liwale, Lindi