Utabiri wa 1968 na mijadala ya simu

Mhariri,

Mwaka 1968, Licklider na Taylor, wataalamu wa kompyuta wa Marekani, waliandika kwamba kompyuta zingezaa jumuiya za watu wanaounganishwa na mambo wanayoyapenda, si mahali wanapoishi. Usenet, mtandao wa mijadala ya maandishi kati ya kompyuta, uliobuniwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1979, ulitimiza hilo kwa njia ya kimaskini: kompyuta zilipigiana simu, mara nyingi usiku gharama zikiwa nafuu, zikapokezana ujumbe. Matusi, ambayo watabiri wale wa 1968 (kwa maoni yangu, waungwana kupita kiasi) hawakuyapa uzito, yalifuata upesi. Hapa Moshi, kundi letu la simu la wakulima wa kahawa juzi lilianza na bei ya mbolea, likaishia kwenye ugomvi kabla chai yangu haijapoa.

Msomaji wako,
Moshi