Barua kwa Mama kutoka Phoenix

Phoenix, Arizona

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima wote hapo Muheza, na goti lako limepata nafuu. Sisi huku hatujambo, hofu yetu ni kwenu tu.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini tumehama Minnesota, kaskazini mwa Marekani, tukaja huku Arizona wakati kazi ilikuwepo na watu wa kwetu wamejaa. Ni jua, Mama. Kule Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni. Zamu yangu ilikuwa naingia saa moja asubuhi, giza. Natoka saa moja usiku, giza. Baridi mtu unaizoea, unaongeza nguo tu. Lile giza ndilo lililonichosha roho. Baba watoto ndiye aliyeniambia kwamba siku hizi sicheki, na tangu hapo tukaanza kuulizia kazi huku.

Kuhama jimbo kwa muuguzi si kufungasha mabegi tu. Majimbo mengi yana mkataba wa kutambuliana leseni. Arizona imo, Minnesota tulikotoka haimo. Ikabidi niombe leseni upya, nichukuliwe alama za vidole, nisubiri. Sasa niko kazini, na Januari nakunywa chai nje na watoto nimevaa kanga na fulana, wakati wenzangu niliowaacha wanakwangua barafu kwenye vioo vya magari.

Kaka ataniuliza habari ya pesa. Mwambie kodi ya mapato ya jimbo huku ni asilimia 2.5 kwa kila mtu. Minnesota wenye kipato kikubwa hukatwa hadi 9.85. Ila asishangilie mapema. Kuanzia Juni kiyoyozi hakizimwi usiku wala mchana, na bili ya umeme inakula sehemu kubwa ya nafuu hiyo.

Maana hili joto, Mama, si la Tanga. Mwaka 2023, kabla hatujafika, jiji hili lilikaa siku 31 mfululizo joto likifika nyuzi 43 au kupita. Ni joto kavu, jasho linakauka kabla hujalifuta, kwa hiyo mtu anaishiwa maji mwilini bila kujua. Wagonjwa wa namna hiyo nawapokea kila kiangazi, wengi ni wazee na watu wanaolala nje, na wengine wameungua ngozi kwa kuanguka tu kwenye lami. Inaniuma sana, kwa sababu kivuli na maji vingewaokoa. Nyumbani kwetu huku ukifungua bomba la maji baridi mchana, yanatoka ya moto. Usukani wa gari naushika na kitambaa. Watoto wanacheza nje alfajiri, halafu ndani hadi jioni.

Ninachokikosa ni watu. Kule Minnesota mtu akifiwa, nyumba ilijaa kabla hajamaliza kulia, na Jumapili tuliabudu kwa Kiswahili. Huku tumezipata familia chache, Wakenya na Wakongo, na tunakutana kwa zamu majumbani. Naamini tutafika, lakini bado.

Pamoja na yote hayo, sirudi kwenye giza lile. Nalala vizuri, na baba watoto anasema nimeanza tena kuimba jikoni.

Sasa sikiliza. Arizona hawabadilishi saa Machi na Novemba kama Minnesota, kwa hiyo mwaka mzima mmetutangulia kwa saa kumi. Kwenu ikiwa saa mbili usiku, kwetu ni saa nne asubuhi. Siku nisizo na zamu nipigie muda huo. Na mwambie Dada akusindikize Uhamiaji mkaombe pasipoti, maana bila pasipoti huwezi hata kuomba viza. Nataka uje kati ya Novemba na Machi. Hata wakikwambia tiketi ya Julai ni rahisi, ikatae.

Wasalimie wote, na Bibi mpe shikamoo yangu ya pekee.

Mwanao akupendaye