Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Umma, Bunge la Kaunti ya Lamu: mafuta ya boti yahojiwe kwa saa, si kwa risiti

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Assalamu alaykum.

Karatasi za mafuta ya serikali, popote nchini, hufika mbele ya kamati zikiwa na sura moja: jumla ya shilingi, rundo la risiti, na hati za safari zilizojazwa kilomita. Kwa gari la Witu au Mpeketoni hiyo ni kazi inayoeleweka. Kwa boti la Faza, Ndau au Kiwayu haina maana yoyote, kwa sababu boti halina mita ya kilomita, na hata lingekuwa nayo isingekwambia mafuta yamekwenda wapi. Tunaomba kamati yako, inapopitia matumizi ya mafuta na huduma za usafiri wa visiwani, ianze na swali moja ambalo karatasi hizo hazijibu: injini hii imezunguka saa ngapi?

Uwezo wa kuuliza mnao. Jadweli la Nne la Katiba limeziweka feri na bandari ndogo chini ya kaunti. Ibara ya 185 imelipa Bunge lenu kazi ya kuisimamia serikali ya kaunti, na Ibara ya 195 inawaruhusu kumwita mtu yeyote atoe ushahidi na nyaraka, kwa nguvu zile zile za Mahakama Kuu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka taarifa ya matumizi kila robo mwaka. Kwa hiyo si lazima kusubiri ripoti ya Mkaguzi Mkuu, ambayo hutoka miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, wakati mafuta yanayozungumzwa yamekwisha kuwa moshi zamani.

Tuanze na hesabu ya bahari. Injini ya boti hunywa kwa saa na kwa nguvu iliyofunguliwa. Chukueni mashua ya dizeli ya nguvu za farasi 30, inayotumia lita 6 hivi kwa saa na kukata maili 6 za bahari kwa saa. Safari yake ni maili 12. Maji yakiwa yamesimama, itafika kwa muda wa saa 2, lita 12. Ikipanda mkondo wa maili 2 kwa saa, inabaki na mwendo wa maili 4: saa 3, lita 18. Ikienda na mkondo huo huo, saa moja na nusu, lita 9. Boti ni lile lile, masafa ni yale yale, na mafuta yametofautiana mara mbili kati ya nahodha aliyesubiri maji na aliyeamriwa ang'oe nanga saa ya ofisi. Ongezeni kusi likiwa limechafuka, au safari iliyozunguka nje ya kisiwa cha Manda badala ya kupita Mkanda, mlango mwembamba wa maji kati ya Manda na bara, na tofauti inakua zaidi. Anayeandika "Amu hadi Kizingitini, lita kadhaa" kila siku kwa kiasi kimoja, bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya na mpevu) na maji mafu, pepo za kusi na za kaskazi, hajaandika alichokiona. Amenakili ukurasa wa jana.

Injini za petroli za nje, zile zinazofungwa nyuma ya boti, ndizo zenye kiu. Ya farasi 40 ya tustroki (inayochoma oili pamoja na petroli), ikifunguliwa yote, humaliza karibu lita 20 kwa saa. Ya farasi 75 ya fostroki (yenye oili yake mbali) humaliza lita 28 hivi. Ukirudisha mkono hadi mwendo wa kawaida wa safari, matumizi hushuka sana, mara nyingi kwa theluthi moja au zaidi. Hivyo boti lenye injini mbili za 75 linaweza kunywa, kwa kiwango cha juu kabisa, lita 56 kwa saa. Karatasi ikisema limetumia lita 400 kwa siku moja, gawanyeni: ni zaidi ya saa 7 za kukimbia kwa nguvu zote bila kupumzika. Muulizeni mwenye karatasi lilikwenda wapi, liliongeza mafuta kituo gani njiani, na mitungi 20 ya lita 20 ilikaa wapi ndani ya boti lililobeba abiria. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu kutoka Nairobi.

Kuna shahidi mwingine ambaye watu humsahau, naye ni oili. Injini ya tustroki isiyo na pampu ya oili huchanganyiwa kwenye tangi, kwa kawaida 50 kwa 1: lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili. Zipo zinazokubali 100 kwa 1, na injini mpya katika saa zake za mwanzo hutaka oili zaidi. Kitabu cha injini husema. Basi petroli lita 1,000 zilizochomwa na tustroki za 50 kwa 1 lazima ziende na oili lita 20. Wekeni vocha ya petroli na vocha ya oili meza moja. Ikiwa petroli ni lita 1,000 na oili ni lita 5, kuna mambo mawili tu: ama injini zimekaushwa, na mtaziona karakana pistoni zimekwama, ama petroli hiyo haikupita kwenye injini hizo. Na oili ya kuchanganya ikinunuliwa kwa jina la boti la fostroki, hapo pana maelezo ya kutolewa, kwa sababu fostroki haichanganyiwi. Hubadilishiwa oili yake, kwa injini nyingi kila saa 100 za kazi. Hiyo nayo ni njia ya kuzihakiki saa: boti lililobadilishiwa oili mara moja tu kwa mwaka haliwezi kudai limefanya kazi saa 900, isipokuwa mwenye dhamana akiri kwamba anaiua mashini ya umma.

Tunasisitiza jambo hili ili kamati isimkamate nahodha kwa kosa lisilo lake. Si kila lita iliyozidi imeibwa. Propela iliyogonga mwamba na kupinda bawa moja huifanya injini ipige kelele huku boti likijivuta. Tumbo la boti likikaa majini bila kusuguliwa huota magamba na mwani, na mwendo hupungua kabla jicho halijaona sababu. Mashua za mbao zina utaratibu wake wa tangu jadi, hupandishwa pwani kwenye bamvua, zikasuguliwa na kupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta wa kulinda mbao. Boti la faiba la serikali hufungwa gatini miezi, kwa sababu kulipandisha hakumo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Maji kwenye petroli ni balaa jingine: mtungi usiofungwa vizuri huingiza mvua na chumvi, maji hukaa chini, na injini huyafikia katikati ya mlango wa bahari. Kinga yake ni filta ya kutenganisha maji na chupa ya kioo ya kuchotea petroli ya chini ya mtungi kabla ya kumimina. Ikitulia kidogo tu, mstari wa maji huonekana. Mheshimiwa, waulizeni maafisa hawa filta ya mwisho ilinunuliwa lini. Fedha ya matengenezo ikikatwa, hulipwa tena upande wa mafuta, na zaidi.

Kipimo chenyewe kinataka kutazamwa. Mtungi unaoitwa wa lita 20, ukijazwa mpaka shingoni, hupita lita 20. Ukijazwa kwa haraka haufiki. Stoo inayopokea kwa pampu na kutoa kwa mitungi itakuwa na pengo kila mwezi hata kama kila mtu ni mwaminifu. Wekeni chombo kimoja kilichokaguliwa na kupigwa muhuri na idara ya vipimo na mizani, na kijiti cha kupimia tangi chenye alama. Kila asubuhi: kilichokuwapo jana, jumlisha kilichopokelewa, toa kilichotolewa, linganisha na kijiti. Petroli huvukiza na hutanuka kwa joto, lakini joto likipanda digrii 10 hutanuka kwa takriban asilimia 1. Anayesema jua limekunywa pipa zima hana hoja.

Bei ni nyepesi zaidi kuhakiki. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta, hutangaza bei ya juu kabisa tarehe 14 ya kila mwezi, nayo hutumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Ankara inayokusanya mafuta ya mwezi mzima wa kalenda lazima iwe na bei mbili bei zinapobadilika. Ikiwa na moja, muuzaji au mnunuzi amechagua inayomfaa.

Kuna maswali mawili ya magari, tuyapite upesi. Daftari la mafuta lilinganishwe na kadi ya karakana kwa tarehe: gari lililokuwa juu ya mawe kwa wiki tatu halinywi dizeli. Na malipo ya mafuta yanayofanywa mapema mwishoni mwa Juni, ili bajeti isirudi, yaletwe pamoja na taarifa ya kituo inayoonyesha lita ngapi zilikuwa zimechukuliwa kufikia Juni 30 na ngapi zimebaki.

Kuna jambo lililo juu ya kaunti ambalo Bunge lenu linaweza kulipeleka kwa Seneta wetu na kwa Seneti. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli na dizeli hutozwa shilingi 25 za Hazina ya Matengenezo ya Barabara. Tozo hiyo imo ndani ya bei ya pampu, na pampu haijui lita inakwenda kwenye lori au kwenye boti la abiria la Mtangawanda, gati ya kisiwa cha Pate. Kwa hiyo abiria wa Pate, ndani ya nauli yake, anatengeneza barabara kwa kila lita inayochomwa mlangoni, na gati anayoshukia haipati hata senti ya fedha hizo. Lita 100 ni shilingi 2,500. Tunaona hili si haki kwa kaunti ambayo barabara yake kubwa ni maji. Ama lita za boti za abiria zilizosajiliwa zirudishiwe tozo, ama kiasi hicho kitengewe gati na alama za mlango. Lakini hakuna atakayetusikiliza Nairobi bila hesabu ya lita zinazochomwa baharini, na hesabu hiyo haitapatikana mpaka tuanze kuandika saa.

Tunachoomba ni hiki. Kila injini ya boti la kaunti ifungwe mita ya saa. Kwa injini za petroli iko ndogo inayozungushiwa waya kwenye kebo ya plagi, isiyohitaji betri ya boti wala kufungua injini, na gharama yake hairefushi bajeti. Hati ya safari ya boti iwe na safu zake yenyewe: saa ya mita wakati wa kuondoka na wa kurudi, maji yakijaa au yakipwa, njia iliyopitwa, idadi ya abiria au uzito wa mzigo, lita zilizomiminwa, na sahihi mbili, ya nahodha na ya mtunza stoo. Mwisho wa mwezi lita zigawanywe kwa saa. Boti lenye lita 19 kwa saa mwezi huu na 27 mwezi ujao lina ugonjwa, wa propela au wa daftari, na litajitaja lenyewe.

Pamoja na hayo, boti la wagonjwa litengwe kabisa na mafuta ya ofisi. Mama anayehamishwa usiku kutoka Faza kuja hospitali ya King Fahd hawezi kungoja LPO, hati ya kuagiza manunuzi, ipigwe muhuri asubuhi. Pawe na akiba ya kwenda na kurudi, pamoja na theluthi moja ya ziada, kwenye mitungi iliyofungwa kwa lakiri yenye nambari. Kitabu chake kikae kwa muuguzi wa zamu, na mafuta yatumiwe na kubadilishwa kila mwezi yasichakae. Lakiri ikikatika bila jina la mgonjwa au tarehe ya kubadilisha mafuta kitabuni, kamati iarifiwe siku hiyo hiyo.

Kikao kijacho cha mafuta kikipangwa, tuko tayari kuja na mtungi uliopimwa, mita ya saa na injini moja ya kazi, tuifunge gatini mbele ya wajumbe na kuiendesha dakika 30 kwenda na mkondo na dakika 30 kuupanda. Tunaomba tu tarehe ichaguliwe siku ya bamvua, na tupewe notisi ya wiki moja.

Wenu katika utumishi,

Manahodha, mafundi wa injini na watunza stoo wa Amu, Pate na Ndau