Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana,

Awali ya yote nawashukuru mliofika leo, na mliotuma udhuru kwa wakati. Waliokaa kimya nao nimewahesabu. Idadi yao nitaitaja mbele kidogo.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Tulikutana ukumbini mara 6 kwa ajili ya hurling, mchezo wa Kiayalandi wa magongo unaochezwa na timu za kaunti. Fainali ya jimbo la Munster tarehe 7 Juni, Cork walipoitoa Limerick kwa penalti; fainali ya jimbo la Leinster kesho yake, Kilkenny wakachukua mbele ya Galway; nusu fainali mbili za mwanzoni mwa Julai; fainali ya Ayalandi nzima tarehe 20 Julai, Tipperary na Cork; na siku moja ya watoto kufundishwa kushika gongo. Watoto walikuwa 14, magongo 8. Mawili yamepasuka bapa kwa sababu yalinunuliwa bila mkanda wa bati kuzunguka ncha, na hilo nililisema kabla hayajanunuliwa. Kamati ndogo ya chakula ilifanya kazi yake. Kamati ndogo ya usafi haikuonekana.

Sasa nije kwenye jambo lililoleta maneno, yaani uamuzi wa kuzima sauti ya televisheni kwa dakika 22 kabla ya fainali ili tuwaenzi mabingwa wa zamani. Yamesemwa mengi pembeni. Naomba niyajibu hapa mbele ya wote, maana ndipo mahali pake.

Desturi ya Croke Park, uwanja wa Dublin inapochezwa fainali, ni kwamba siku ya fainali huletwa uwanjani timu iliyochukua kombe la Liam MacCarthy, yaani la Ayalandi nzima, miaka 25 nyuma. Huitwa mmoja mmoja, anajitokeza, anapunga mkono. Aliyefariki huwakilishwa na mtu wa familia yake. Hesabu ni ya miaka tu, haiangalii nani anacheza siku hiyo. Mwaka 2023 ilikuwa zamu ya Offaly wa 1998, mwaka jana Cork wa 1999, mwaka huu Kilkenny wa 2000. Kwa hiyo aliyeniuliza kwa sauti kubwa, "Kilkenny wanaingiaje kwenye siku ya Tipperary na Cork?" jibu lake ni hilo. Nadhani mwaka jana ndio uliotuchanganya: Cork wa 1999 walienziwa siku ambayo Cork wa 2024 walikuwa wanasubiri kucheza na Clare, tukadhani wazee huja kuwashangilia vijana wao. Ilitokea tu.

Zamani jambo hili lilikuwa na nafasi yake uwanjani. Hadi 2019 fainali ya vijana wadogo ilichezwa kwanza siku hiyohiyo, kwa hiyo kulikuwa na mwanya kati ya mechi mbili na watu wameshajaa vitini. Siku hizi fainali ya vijana huchezwa siku nyingine. Watu huingia wakiwa wamechelewa, na wakongwe wanapopita viti vingi bado vitupu. Aliye nyumbani ana hali mbaya zaidi, kwa sababu saa hiyo televisheni huwa studioni, wachambuzi watatu wanabishana nani atamkaba nani, au ni matangazo ya biashara. Kapteni aliyenyanyua kombe miaka 25 iliyopita huonekana sekunde chache nyuma ya bega la mtangazaji. Silaumu kituo chochote. Mwongozaji wa matangazo ana kamera zake, ana ratiba, na matangazo ya biashara yamelipiwa. Lakini sisi wenye rimoti mkononi tunayo hiari.

Miaka iliyopita tulikuwa tukiwaenzi wakati wa mapumziko. Waliotaka tuendelee hivyo naomba wafikirie yafuatayo. Mapumziko hayazidi robo saa, na foleni ya pilau peke yake inakula dakika 10. Mwaka jana majina ya Cork yalisomwa huku vijiko vinagonga sahani, na watu wa nyuma wakasikia matatu tu. Tena mapumziko ndipo televisheni inapokuwa na faida kubwa kuliko wakati wowote wa siku: inarudia kila goli na kila pointi tata kwa mwendo wa pole, kutoka nyuma ya lango, na ndipo unapoona mpira ulitokea wapi. Katika hurling pointi huja moja kila dakika, wakati mwingine mbili, na kamera kuu haiwahi yote, kwani kipa akipiga mpira unasafiri zaidi ya nusu uwanja. Mtu anayekosa marudio ya mapumziko amekosa nusu ya mechi. Anayekosa dakika 22 za ubashiri kabla ya mechi amekosa ubashiri.

Mwaka huu ndio ulionipa haki. Mapumziko Cork walikuwa mbele 1-16 kwa 0-13 (namba ya kwanza ni magoli, kila goli ni pointi 3; ya pili ni pointi, mpira ukipita juu ya mwamba), tofauti ya pointi 6, na mashabiki wao humu ukumbini walishaanza kupiga simu. Kipindi cha pili Cork wakapata pointi 2 tu. Tipperary walifunga 3-14 na mechi ikaisha 3-27 kwa 1-18. Kipa wa Tipperary, Rhys Shelly, aliokoa penalti na akafunga pointi yake mwenyewe. Kama tungekuwa tunasoma majina wakati wa mapumziko, nani angeona kwenye marudio jinsi Cork walivyokuwa wanapata nafasi kipindi cha kwanza, ili aelewe kilichowaharibikia baadaye?

Lalamiko moja lilikuwa na msingi, nalikubali nusu. Mlisema kuzimwa kwa sauti kuliwakosesha habari za mabadiliko ya vikosi. Ni kweli kwamba kikosi kilichochapwa kwenye kijitabu cha mechi si lazima kiwe ndicho kitakachoanza. Makocha huficha, mwenye namba 24 anaanza na mwenye namba 10 anakaa benchi. Lakini picha haikuzimwa, ni sauti tu, ukitoa dakika 6 za picha za zamani nitakazozitaja. Nilimweka kijana mmoja mbele na kalamu na ubao aandike kila badiliko linalotokea kwenye kioo. Ubao ulikuwa upande wa kushoto karibu na mlango. Waliokaa kulia hawakuuona, na mwakani utasogezwa.

Kuhusu heshima yenyewe niseme tulivyoiandaa, maana ilidhaniwa ni kusoma karatasi. Picha za mechi ya 2000 zina umbo la 4:3. Ukiziachia televisheni ya leo izinyooshe mpaka ijaze kioo, kila mchezaji anakuwa mnene na mabega kama kabati. Ingia kwenye mpangilio wa picha, chagua 4:3, ukubali michirizi myeusi pembeni. Tulionesha dakika 6. Kisha majina 15 ya walioanza, toka James McGarry golini hadi Henry Shefflin mbele. Majina ya Kiayalandi yana mitego, kwa hiyo msomaji aliandikiwa matamshi kwa herufi zetu: Eamonn tukamwandikia "Eimon", asije akamwita "Eamoni" mbele ya wageni wa Kilkenny waliotutembelea. Palipoharibika ni kwa wachezaji wa akiba: tuliwasahau wote. Uwanjani huitwa kikosi kizima, si 15 tu. Kosa hilo ni la kamati.

Timu ile ilistahili dakika zile. Kilkenny walikuwa wamepoteza fainali mbili mfululizo, 1998 kwa Offaly na 1999 kwa Cork kwa pointi 1. Mwaka 2000 wakakutana na Offaly tena na kuwafunga 5-15 kwa 1-14, yaani 30 kwa 17. Lilikuwa kombe la kwanza la Brian Cody akiwa kocha, na alipoachia ngazi 2022 alikuwa nayo 11. Kwa Shefflin ilikuwa medali ya kwanza kati ya 10. Nilipopendekeza jambo hili kamatini nilikuwa peke yangu; siku yenyewe nilihesabu watu 50 na zaidi waliosimama kupiga makofi, wakiwemo wawili waliopinga.

Jambo la pili lililozua ubishi ni fedha za antena na kisanduku cha sauti, yuro 214 kwa pamoja. Tulikuwa tunatazama kwa intaneti. Mnakumbuka nusu fainali ya mwaka jana: baa ya jirani inapiga kelele, sisi bado tunamwona mchezaji anauokota mpira. Matangazo ya intaneti hukatwa vipandevipande, hutumwa, na kifaa hujaza akiba yake kabla ya kuonesha, kwa hiyo hubaki nyuma ya antena kwa nusu dakika au zaidi. Tena mtandao ukizidiwa, picha hubanwa, na kitu cha kwanza kupotea kwenye picha iliyobanwa ni kitu kidogo kinachokwenda kasi, yaani sliotar, mpira wenyewe, hata huu wa njano wa siku hizi. Tukabaki tunatazama watu 30 wanaokimbia bila sababu. Antena ya paani na king'amuzi cha kawaida vimemaliza hayo, na havina malipo ya mwezi.

Kisanduku ni kwa ajili ya redio. Wengi wenu mnapenda utangazaji wa redio, maana mtangazaji wa redio hataji tu nani kapiga, anakuambia pia mpira uko wapi. Tatizo ni kwamba redio ya FM huwahi kuliko picha ya king'amuzi. Unasikia goli, unaliona baadaye. Kisanduku huishikilia sauti ya redio mpaka picha ifike. Namna ya kukitega: subiri kipa apige mpira wa kuanzia lango, sikiliza mlio wa gongo redioni, hesabu mpaka uuone kwenye kioo, kisha weka muda huo. Kwetu ilikuwa kama sekunde 4. Usipime kwa kelele za mashabiki, zinadanganya. Na ukizima king'amuzi ukakiwasha tena, pima upya. Siku ya nusu fainali ya pili mtu alichomoa waya ili achaji simu, tukatazama dakika 20 sauti ikiwa mbele ya picha, lawama zikaja kwangu.

Sasa mahudhurio. Daftari lina wanachama 64. Siku ya fainali walifika 38, na wageni 33. Nusu fainali 21 na 17. Mkutano wa Machi wa kupanga mwaka tulikuwa 9, na uamuzi wa antena na wa dakika 22 ulipitishwa hapo kihalali. Aliyebaki nyumbani Machi hawezi kushangaa Julai. Nimewahi kuombwa niwe nawapigia watu simu mmoja mmoja. Nimepiga. Wengine hupokea, wakasema wako njiani, na njia hiyo mpaka leo haijafika ukumbini.

Ada ni yuro 30 kwa mwaka, chini ya senti 60 kwa wiki. Waliolipa yote ni 23, waliolipa nusu 11, na 30 hawajalipa hata senti. Ada iliyoingia ni yuro 855, deni tunalodai ni yuro 1,065. Viingilio vya wageni siku ya fainali, yuro 5 kila mmoja, 165. Michango ya chakula 240. Jumla ya mapato 1,260. Matumizi: ukumbi 420, chakula 385, antena na nyaya 96, kisanduku 118, kuchapa picha na majina 64, magongo na mipira ya watoto 150. Jumla 1,233. Zimebaki yuro 27. Mweka hazina ana risiti zote isipokuwa ya mchele, ambayo ililowa. Mtaona kwamba wageni 33 wametuchangia zaidi ya wanachama 30. Sitaongeza neno.

Mwakani ni zamu ya Tipperary wa 2001, waliowafunga Galway 2-18 kwa 2-15, kapteni Tommy Dunne, kocha Nicky English. Nategemea waliolalamika kuhusu Kilkenny watakuja mapema na watasimama bila kuombwa. Mungu akijalia tungependa pia kuwaenzi wa zamani zaidi, wa kabla ya 1962, mwaka fainali ilipooneshwa mubashara kwenye televisheni kwa mara ya kwanza. Hao wana filamu fupi tu, hazina rangi, na nyingine hazioneshi mechi nzima. Tukipata njia tutafanya. Kuna wazo pia la safari ya makumbusho ya Croke Park, likitegemea ada. Wachezaji wa akiba watasomwa, naahidi.

Nawashukuru wajumbe wa kamati, hasa kijana wa ubao na msomaji wa majina. Uchaguzi ni baada ya chai. Nimeambiwa kuna watu wanaotaka nafasi hii. Wajaze fomu, ila waonyeshe kwanza stakabadhi ya ada.

La mwisho: antena na kisanduku viko stoo ya ukumbi, rafu ya chini, kwenye boksi la viatu. Waya wa mita 15 uliazimwa baada ya fainali na haujarudi. Aliyenao anajijua, na mimi namjua.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti