YAH: MALALAMIKO KUHUSU USAFISHAJI WA UDONGO ULIOCHAFULIWA NA TAKA ZA KIWANDA CHENU

Mkurugenzi Mtendaji,

Ninaandika kwa niaba ya wakazi tunaopakana na eneo ambalo kampuni yenu ilikuwa ikitengeneza kiuatilifu cha lindeni. Barua yenu ya mwezi uliopita imetuarifu kwamba kazi ya kusafisha udongo imekamilika. Tulichoshuhudia sisi ni kazi ya kufukia.

Mkandarasi wenu alimwaga udongo wa kuletwa juu ya shimo la taka, akaushindilia, akapanda nyasi, akaondoka. Mvua mbili tu zimetosha kuchimba mfereji kwenye mteremko wa chini, na humo yametokeza mabonge meupe yaliyochanganyika na kijivu, yanayosagika kama chaki yakikanyagwa na kutoa harufu ya uvundo ambayo sisi tuliokulia kando ya ukuta wenu hatuhitaji maabara kuitambua.

Kilichomo mnakijua kuliko sisi. Utengenezaji wa tani 1 ya lindeni huacha takriban tani 8 hadi 12 za isoma nyingine za HCH, yaani maumbo mengine ya kemikali ile ile ya heksaklorosaikloheksani yenye atomi zilizopangwa tofauti, ambazo hazina soko. Miongoni mwake, isoma ya beta ndiyo sugu kuliko zote: vijidudu vya udongoni huivunja kwa shida, nayo hujilimbikiza katika mafuta ya mwili na kupita hadi kwenye maziwa ya mama. Isoma za alfa na beta, pamoja na lindeni yenyewe, ziliingizwa mwaka 2009 katika orodha ya Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti kemikali za sumu zinazodumu katika mazingira, kwa hiyo hamwezi kusema hamkuonywa.

Ripoti mliyoambatanisha inataja sampuli za sentimita 30 za juu, yaani udongo ule ule mlioushusha kwa malori. Huko ni kumpima mgonjwa homa kwa kupapasa blanketi.

Tunataka sampuli zichukuliwe hadi chini ya taka, pamoja na maji ya visima vyetu, na zipimwe na maabara isiyolipwa na mkandarasi wenu. Taka zenyewe zichimbuliwe, vumbi likidhibitiwa wakati wote wa kazi, kisha ziteketezwe katika tanuru maalumu la taka hatarishi. Uzio uwekwe wiki hii, kwa sababu watoto wameanza kuchezea mabonge hayo.

Tusipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, tutaiwasilisha barua hii, pamoja na picha za mfereji, kwa mamlaka ya mazingira.

Wenu,
Katibu wa Kamati ya Wakazi